Harufu Ngazini

Kashata alianza kujilamba katika mwezi wa pili wa eda ya mama mkubwa, na ulipoingia mwezi wa tatu alikuwa hana manyoya ubavu mmoja.

Lilikuwa baka la kiasi cha kiganja, upande wa kulia, ngozi tupu nyekundu yenye majimaji. Alilamba hapo na palipozunguka hapo, akageuka akajikuna kwa mguu wa nyuma, kisha akarudia kulamba. Wakati wa alasiri, watu wamejilaza na vichochoro vimenyamaza, ulimi wake ulisikika nyumba nzima. Ilikuwa kama sauti ya mtu anayesugua meza kwa kitambaa kibichi, hachoki, mahali pale pale.

Mimi ndiye niliyekuwa nikikaa na mama mkubwa. Nilikuwa nimemaliza chuo cha ualimu na nasubiri kupangiwa skuli, na mama yangu akaona ni bora nisubirie kwa dada yake kuliko kukaa bure nyumbani. Mama mkubwa, Bi Badriya, hakujaaliwa mtoto. Alikuwa na mumewe, Ami Majid, na Ami Majid alikuwa na paka wake, Kashata. Siku Ami Majid alipoanguka dukani kwake Mlandege, akafa kabla ya adhuhuri, mama mkubwa akabaki na paka.

Mjane wa eda hatoki. Miezi minne na siku kumi hukaa ndani, hapaki wanja wala hina, havai cha pambo, na hagusi kitu chenye harufu nzuri. Kwa nyumba ile sharti hilo la mwisho lilikuwa zito kuliko kwengine, kwa sababu Ami Majid alikuwa muuza mafuta mazuri na miaka thelathini ya biashara yake ilikuwa imeingia mpaka kwenye kuta. Siku ya pili ya msiba wanawake wa ukoo wakakusanya vichupa vyote, mirashi, vyetezo, hata sabuni za kuogea, wakavifunga katika sanduku, na sanduku likapelekwa Mbweni kwa Ami Hamed, nduguye marehemu. Kanzu za marehemu zikafuliwa, zikatolewa sadaka. Mashuka yakafuliwa, na foronya, na mapazia. Nyumba ikabaki inanuka chokaa na sabuni ya mche.

Ndiyo maana ile harufu ilinitisha.

Mara ya kwanza nilikuwa nikipanda ngazi na ndoo ya maji. Ngazi za nyumba ile zina kona moja ambayo haipati mwangaza hata mchana, na hapo ndipo iliponipata: msandali, udi, na chini yake kitu kikali kidogo, kama karafuu mbichi iliyovunjwa kwa kucha. Ami Majid alikuwa akichanganya mafuta yake mwenyewe na hakumuuzia mtu. Wateja walimwomba, akacheka tu. Kila alasiri alipofunga duka harufu ile ilimtangulia, tukajua kuwa yumo ngazini kabla hatujamsikia.

Nilijibana ukutani, kama ninavyojibana siku zote kumpisha mtu mzima. Hakupita mtu. Kitu kidogo kilinigusa miguuni, nikadhani ni pindo la kanga yangu. Harufu ikakaa kidogo, kisha ikaniacha. Nilipofika juu, Kashata alikuwa kizingitini amejikunja, analamba ubavu wake.

Sikumwambia mtu. Mimi si hodari wa kusema mambo. Lakini haikupita wiki Bi Tabia akasema yeye.

Bi Tabia alikuwa mpangaji wa chini, akipika vitumbua mlangoni, na hakuna kilichopita pale asikijue.

"Arwa, hebu njoo," akaniita. "We ulosoma. Mtu akifa, hurudi kuja kufanya nini?"

"Harudi, Bi Tabia."

"Mmesomeshwa hivyo? Basi nambie nani kapita hapa jana alasiri, nimeinama na mwiko mkononi, kanipita na mafuta yake yale yale. Mie nshaitikia salamu. Nshasema, 'Waalaykumu salaam, Bwana Majid.' Ndo nikakumbuka kuwa nimekula ubwabwa wa hitima yake, tena nilikula sahani mbili."

Nikageuka niende zangu juu.

"Na yule paka," akasema, akashusha sauti. "Lile baka umelitazama? Lina vidole."

"Halina vidole."

"Lina kiganja, basi. Majid akikaa barazani, mkono wake ulikuwa wapi? Si pale pale ubavuni? Akilipapasa lipaka lake, akizungumza na watu. Sasa mkono wa maiti, mwanangu, nywele hazikai chini yake. Watu wanasema kinamuwasha. Kinachomuwasha ni mkono."

Akageuza kitumbua. Nilipanda juu nikijiambia kuwa ni maneno ya mtu aliyekaa na moto kutwa. Asubuhi niliweza kujiambia hivyo. Alasiri, ulimi ulipoanza, sikuweza kulitazama lile baka bila kuona pale gumba lilipolala.

Mwishowe nilimwambia mama mkubwa, nikidhani atanikemea na mambo yaishe. Alikuwa amekaa kwenye mkeka, kajitanda nguo yake nyeupe, tasbihi mkononi. Akainua uso haraka.

"Umeisikia? Wapi?"

"Ngazini, mama mkubwa."

"Ilikuwa inapanda au inashuka?"

"Sijui."

"Mara nyengine sikiliza vizuri," akasema, na macho yake yalikuwa yaking'aa kama ya mtu mwenye homa. "Utanambia kama inapanda."

*

Kila Ijumaa baada ya swala alikuja Ami Hamed kutuletea mahitaji. Shemeji si maharimu, kwa hivyo alisimama ukumbini na mama mkubwa akazungumza naye nyuma ya pazia, nami nikawa katikati, napokea samaki huku na salamu kule. Alikuwa mtu mkavu, mrefu, hajui kukaa. Ijumaa ile Kashata alitoka mbele yake, akaketi, akatapika povu la njano kwenye miguu yake.

"Paka huyu ana ugonjwa," akasema.

"Anajikuna tu," mama mkubwa akajibu kutoka ndani.

"Shemeji, mtu anayejikuna hatoki ngozi. Nyumba ina eda, watu wanaingia, wanakaa kwenye mikeka. Mimi ntampeleka Bwejuu. Kule pana pwani, pana wavuvi, atakula vichwa vya samaki mpaka achoke."

"Atakufa njiani."

"Hapa anakufa ndani."

Pazia halikutikisika. Kisha mama mkubwa akasema, polepole, "Hamed, huyo ndo aliyebaki."

Ami Hamed akatazama dari. "Ijumaa ijayo," akasema. "Akiwa hivi hivi, nakuja na tenga. Si kwa ubaya."

Alipoondoka nilimletea mama mkubwa chakula. Hakukigusa. Alikuwa na desturi tangu msiba, hali mpaka Kashata ale. Walikula kutoka sinia moja, yeye akimchambulia samaki miiba. Sasa Kashata alikuwa ananusa samaki, anadondosha mate, anageuka kujilamba, na mama mkubwa anafunika sinia. Mifupa ya mikono yake ilikuwa imeanza kuonekana. Niliona kuwa Ami Hamed akimchukua yule paka, na mama mkubwa hawezi kutoka, hawezi kumfuata hata mpaka mlango wa chini, basi nitabaki nafunika sinia moja baada ya nyengine.

Nilikuwa nimeshajaribu niliyoyajua. Nilimkosha Kashata ubavu kwa maji ya mwarobaini. Nilimpaka mafuta ya nazi yenye salfa. Alilamba yote, akayatapika yote. Kwa hivyo siku ya pili yake nikamtia katika kikapu cha ukili, nikafunika kanga juu, nikampeleka kwa daktari wa mifugo.

Kulikuwa na foleni ya mbuzi na kuku. Kila aliyekuja nilimpisha, mpaka wakaisha, ikawa sina wa kumpisha.

"Nini humo?" akauliza daktari. Aliitwa Machano, mtu mnene mwenye viatu vya mpira. "Kuku?"

"Paka."

Akafunua kanga. "Paka wa kwanza mwaka huu. Watu wa mjini mna mapenzi nyie. Jina lake?"

"Kashata."

Akamgeuza ubavu. "Kashata imeliwa upande mmoja," akasema, lakini mikono yake ilikuwa na upole. Akachana manyoya juu ya karatasi nyeupe iliyoloweshwa maji, akaitazama karatasi. Akakwangua ngozi, akaenda nayo ndani, akarudi.

"Viroboto hana. Upele hana. Huu si ugonjwa wa ngozi, dada, huu ni ulimi. Kuna kitu kinampata manyoyani, kinamuwasha, na yeye anajisafisha. Na paka sabuni yake ni ulimi, kila kinachomgusa juu kinaishia tumboni. Anatapika?"

"Ndiyo."

"Mate?"

"Yanamtoka. Alasiri, zaidi."

"Mnapaka nini nyumbani? Dizeli sakafuni? Dawa ya mchwa?"

"Hatupaki kitu. Nyumba ina eda, daktari. Hata sabuni ya kuogea ya harufu haimo."

Akanitazama kidogo. "Basi anakipata huko anakotembea. Mfungie ndani. Na mfanyie kola ya boksi shingoni, pana, asiweze kufika ubavuni. Asipolamba, kitu chenyewe kitabaki, utakiona. Lakini fanyeni haraka. Ini la paka si la ng'ombe."

*

Bi Tabia alinipa boksi la majani ya chai, tukalikata duara, tukamvisha Kashata shingoni. Alirudi nyuma chumba kizima akitaka kulikimbia.

"Mtazame," akasema Bi Tabia. "Bwana harusi wa Kihindi."

Mama mkubwa hakucheka. Alinitazama nikifunga mlango wa ngazini na akauliza kwa nini.

"Daktari kasema asitoke."

"Asitoke kabisa?"

"Kabisa, mama mkubwa. Kuna kitu anakipata huko nje."

"Hata mpaka chini na kurudi?"

Nikasema hata mpaka chini na kurudi. Akateremsha macho kwenye tasbihi yake, na vidole vyake vikasimama.

Siku iliyofuata, alasiri, nilikuwa nimejilaza chumbani kwangu. Hakukuwa na sauti ya ulimi. Badala yake nilisikia kitu kinagonga ukuta wa ujia, tok, kikanyamaza, tok, tena mbele kidogo, kama mtu anayetafuta njia kwa fimbo. Nilijua kuwa ni boksi la Kashata. Nilijua, na bado nilivuta shuka mpaka mdomoni. Kisha harufu ikaingia kwa chini ya mlango.

Nilingoja iondoke, kama ilivyoondoka siku zote. Haikuondoka. Ilikaa pale pale, nzito, msandali na udi na ule ukali wa karafuu, na nilihisi kuwa nikifungua mlango nitamkuta Ami Majid amesimama na makubadhi yake mkononi ili asituamshe, kama alivyokuwa akifanya. Nilisoma Ayatul Kursi. Nikaisoma tena. Kitu kikagonga mlango wangu mwenyewe, tok.

Nilifungua kwa sababu nilisikia analia.

Kashata alikuwa amejibana kwenye pembe ya mlango, boksi limekunjana, anatetemeka, anazungusha kichwa kuutafuta ubavu wake asiufikie. Nikainama nikamnyanyua, nikaweka uso wangu manyoyani mwake ili nimtulize.

Ami Majid alikuwa mikononi mwangu. Sina namna nyengine ya kusema. Manyoya ya ubavu, kuzunguka lile baka, yalikuwa yamelowa mafuta, yameshikana vishungi vishungi. Ngozi tupu ilikuwa inang'aa. Ilikuwa siku zote ni Kashata, akipita miguuni petu gizani na harufu ya bwana wake, akikaa mahali kuilamba mpaka imalizike, kisha anaugua kwa alichokilamba. Mbele yangu ujia ulikuwa mtupu, na mwisho wake mlango wa mama mkubwa ulikuwa wazi kiasi cha paka kupita.

Mtu mwengine angekwenda pale pale. Mimi nilirudi nikaketi kitandani na Kashata mapajani, nikamkausha kwa kanga yangu kadiri nilivyoweza. Nilikuwa najua sasa, na kujua hakukunisaidia kitu. Nikinyamaza, Ijumaa itakuja na tenga litakuja, au ini halitangoja Ijumaa. Nikisema, ni mimi, mtoto wa nduguye aliyempokea kwake, ninayemwambia mjane kuwa nimemkuta na manukato ndani ya eda, na kwamba anachompa paka wake kwa mapenzi ndicho kinachomtoa ngozi. Na nikisema, ile harufu haitapanda tena. Nilikumbuka macho yake aliponiuliza kama ilikuwa inapanda au inashuka.

Nilikwenda baada ya kuswali. Nilimweka Kashata kwenye mkeka, katikati yetu, na nikavua boksi shingoni mwake. Akajilamba papo hapo. Tukakaa tukimsikiliza.

"Mama mkubwa," nikasema. "Ni mafuta."

Hakukana.

"Mimi sikujipaka," akasema. "Eda ni yangu, si ya paka."

"Najua, mama mkubwa."

"Mkono nilitia kitambaa. Sikuyagusa. Mungu ananiona, sikuyagusa hata kwa ukucha." Akavuta mto uliokuwa nyuma yake, akaingiza mkono ndani ya foronya, akatoa kichupa kidogo kilichofungwa ndani ya tambara. Kilikuwa kimebaki na robo. "Hiki alikiweka yeye dirishani asubuhi ile. Walipokuja kukusanya nikakikalia."

"Wangekuachia kukitazama tu."

"Wamefua kila kitu," akasema. "Wamefua hata foronya, mwanangu. Usiku wa tatu nikaweka uso pale alipolala, nikakuta sabuni. Miaka thelathini na moja, nikakuta sabuni. Nikajaribu kuukumbuka uso wake, ukaja. Sauti yake, ikaja nusu. Nikasema, ikenda na hii harufu nimebaki na nini? Basi nikampaka Kashata pale alipokuwa akimwekea mkono. Nikakaa. Haikunitosha. Kwa sababu Majid hakuwa akikaa tu humu ndani, alikuwa anakuja. Ndo nikawa nampaka ikikaribia saa yake ya kufunga duka, nikimtoa mlangoni, anashuka mpaka kwa Tabia, halafu anarudi. Mimi nimekaa hapa. Nainusa kwa mbali, ngazini. Inapanda."

Ulimi wa Kashata ulikuwa bado unasikika.

"Kila siku alikuwa anarudi," akasema.

Nilimshika mkono, jambo ambalo sikuwahi kumfanyia, na nikamwambia alivyosema daktari: sabuni ya paka, tumbo, mate, ini. Nilisema polepole na nilisema yote. Alinisikiliza akimtazama Kashata, na niliona anamtazama yeye sasa, paka mwenyewe, mbavu zake na mate yaliyolowesha kidevu, kama kwamba alikuwa hajamwona kwa miezi.

"Huku kuwashwa kote," akasema. "Ni mimi."

"Hukujua."

"Nilijua anaumwa. Nilidhani anamlilia, kama mie."

Akafunga macho. Alipoyafungua aliniambia nikachemshe maji, nisiyafanye ya moto, yawe ya kuvumilika kwenye kiwiko. Na nilete beseni, na kata, na sabuni ya mche, na kanga kuukuu.

*

Nilitaka kumkosha mimi. Akakataa. Alikunja mikono ya nguo yake akapiga magoti ukumbini mbele ya beseni, na kabla ya kumtia majini alimfunika kanga mwili mzima, kikabaki kichwa tu. Nilidhani ni kwa ajili ya makucha. Kisha akaingiza mkono chini ya kanga, akaanza kumkosha bila kuifunua, na mimi nikamiminia pale aliponionyesha. Alianza ubavu wa kulia. Alipomaliza akaenda wa kushoto. Akarudia mara ya pili, akarudia mara ya tatu, midomo yake ikitikisika.

Nimewahi kuona maji yakimiminwa hivyo, chini ya nguo, nyumbani kwa bibi yangu, siku alipokufa. Ami Majid alikoshwa na wanaume, chini, na mama mkubwa aliitwa kuuangalia uso tu.

Kashata alilia sana mwanzo. Halafu akaacha, akaegemeza kidevu ukingoni mwa beseni, macho yamefumba.

"Nishikie kichwa," mama mkubwa akasema. "Usimbane."

Harufu ilitoka na mvuke. Ilijaa ukumbi, ikajaa ngazi, nikaisikia kooni. Sijawahi kuisikia hivyo hata Ami Majid akiwa hai. Chini Bi Tabia alikohoa, akaita, "Bi Badriya? Kwema huko?" na mama mkubwa akajibu, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Kwema, Tabia. Twamkosha." Bi Tabia hakuuliza nani.

Mwishoni alichukua kile kichupa kwa tambara lake, akakizamisha beseni, akakisukasuka mpaka kikatoka cheupe.

"Maji haya usiyamwage chooni," akaniambia. "Uani pana mchanga. Chimba, uyatie, ufukie."

Nilichimba kwa upawa wa chuma. Nilifukia vizuri. Nilipopanda, mama mkubwa alikuwa amemfunga Kashata ndani ya taulo kama mtoto mchanga na alikuwa analia, kwa sauti, bila kujificha, kilio ambacho tulikingoja tangu siku ya msiba tukakikosa. Nilikaa mlangoni mpaka kilipopungua.

*

Ijumaa Ami Hamed alikuja na tenga. Nilimsikia akiingia uani, akisema neno na Bi Tabia. Halafu sikumsikia tena. Alichelewa kupanda kiasi kwamba nilitoka kumtazama, nikamkuta amesimama kwenye ile kona ya giza, mkono mmoja ukutani.

"Arwa. Nani kaja hapa?"

"Hajaja mtu, Ami."

"Uani pananukia."

Nilimpisha, akaingia ukumbini. Kashata alikuwa amelala juani karibu na dirisha. Baka lilikuwa bado jekundu lakini limekauka, na tangu siku ile hajatapika. Asubuhi hiyo alikuwa amekula changu nusu. Mama mkubwa alikula nusu iliyobaki, kwa wali. Nilikuwa nimeyapanga maneno hayo ili niyaseme yote kwa pumzi moja, lakini Ami Hamed hakumtazama paka.

"Ni mafuta ya nduguyo," mama mkubwa akasema nyuma ya pazia. "Nilikificha kichupa. Yalimdhuru paka, nimeyamwaga."

"Yote?"

"Yote, Hamed."

Akaweka tenga chini. "Mimi nilikuwa nayatafuta," akasema. "Lile sanduku mlilonipa. Nimefungua kichupa kimoja kimoja, shemeji. Kila siku nafungua. Nikasema, huenda nimekosea, huenda ni hiki. Mwanakheir ananiambia nimekuwa kama mlevi, nimejifungia na vichupa." Mwanakheir alikuwa mkewe. "Hakimo."

Pazia lilitikisika kidogo, kama mtu aliyekuwa nyuma yake ameliegemea.

"Ningalijua, ningalikupa ukanusa," mama mkubwa akasema. Kisha, "Nenda ukakae uani, Hamed. Pale penye mchanga, ukutani. Jua halijapafikia bado."

Akashuka. Nilimpelekea kiti, hakukikalia. Alichutama karibu na ukuta, kanzu yake ya Ijumaa imegusa vumbi, na akaweka kiganja juu ya ule udongo. Bi Tabia, aliyekuwa anatia kuni, akaziacha, akaingia chumbani kwake, akamwachia ua.

"Anafanya nini?" mama mkubwa akaniuliza.

"Kakaa tu."

"Mwache."

Hatukumsikia akiondoka. Tenga alilisahau palepale.

Ikaingia alasiri. Mama mkubwa aliswali, akakaa mahali pake, na ilipofika ile saa akageuza uso kuelekea mlango, nadhani bila kujua. Nilikuwa nimeuacha wazi. Kashata hakwenda. Alijinyoosha juani, akakunja miguu, akalala tena.

Hakuna kilichopanda. Hata ulimi haukusikika. Nilikuwa nimeuombea unyamaze tangu mwezi uliopita, na sasa umenyamaza nikasikia jinsi ngazi zile zilivyo ndefu, na vyumba vya juu, na vya nyuma, vyote bila mtu.

Mama mkubwa aliutazama mlango mpaka saa ikapita. Kisha akanigeukia.

"Sema kitu, mwanangu," akasema.

"Niseme nini, mama mkubwa?"

"Chochote. Nihadithie huko chuoni kwenu. Mlikuwa mkilala wangapi chumba kimoja?"

Nikamwambia tulikuwa wanne, na mmoja alikuwa akiota kwa sauti, anafundisha hesabu usingizini. Mama mkubwa akauliza kama alikuwa anapata majibu. Nikasema nadra. Akaweka mkono wake juu ya mgongo wa Kashata, mbali na baka, na akaniambia niendelee.